Chumvi Inakwenda Wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko Malindi, nina miaka 24, nauza vifaa vya simu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya ya kisayansi, nimefika ukurasa wa 40 nikakwama. Rafiki yangu aliyeisoma alisema inasomeka kama filamu iliyotafsiriwa. Fizikia nilipata D. Je, nirudi kwanza kusoma sayansi, au ufundi huu una njia yake ya kujifunza? Na vitu visivyo na majina ya Kiswahili niviiteje? Inaonekana hakuna aliyewahi kuandika hivi kwa lugha yetu. Nimekuambatishia ukurasa wa kwanza, na wa tisa wenye majina niliyojaribu kubuni.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na barua yako siku nne, na ukurasa wako wa kwanza nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, maana sikio halidanganyiki upesi kama jicho. Naunukuu kidogo ili wengine nao wajue tunazungumzia nini:

“Mwaka ni 2350. Kapteni Jackson alibonyeza kitufe chekundu na chombo kikatetemeka. ‘Tuna dakika kumi tu kabla ya injini kulipuka!’ alifoka. Kompyuta kuu ikatoa sauti baridi: ‘Onyo. Onyo.’ Nje ya dirisha, sayari ya Mars, ambayo binadamu walikuwa wameiteka miaka mia moja iliyopita, iling'aa kama kaa la moto.”

Sentensi zako zinatiririka, na hilo kaa la moto ningelinunua. Lakini rafiki yako kakwambia kweli. Huyu Jackson nimekutana naye mara nyingi mno, katika miswada ya watu wa Arusha, wa Kisumu, wa Bujumbura. Kila anapotokea hana mama, hana deni, haijulikani jana alikula nini, na daima kuna kitu kiko karibu kulipuka. Mshushe kwenye chombo cha anga, umpandishe meli ya mizigo, umpe bomu badala ya injini: ukurasa wako hautabadilika ila maneno mawili matatu. Basi sayansi iliyomo humu ni maua ya gari la harusi. Yanapendeza, lakini yakidondoka njiani gari linafika vilevile.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa mswada wowote. Kile kitu kipya ulichokileta, kiwe mashine, dawa au sayari, king'oe. Hadithi ikiendelea kusimama, bado hujaandika hadithi ya kisayansi.

Sasa hiyo D. Nilifundisha fizikia sekondari miaka 19 kabla ya kuhamia kwenye uhariri, na nakuambia wanafunzi wangu wa A ndio walioniandikia hadithi mbaya kuliko wote. Walitaka kueleza. Kurasa tatu za jinsi injini inavyofanya kazi na mtu hata mmoja hajapiga chafya. Sayansi inayomfaa mwandishi ni ya mama mwenye nyumba aliyeshika ankara mkononi: kitu hiki kimetoka wapi, kinakula nini, kinatoa takataka gani, nani analipa.

Hapo ndipo tunapoachana na ngano, ingawa ngano ndiyo iliyotulea. Jini wa ngano anambeba binti wa mfalme kutoka Basra hadi Unguja usiku mmoja, na hakuna anayemuuliza amechoma mafuta kiasi gani. Ungo wa mchawi unaruka kwa sababu ni ungo. Ni sawa kabisa, nami nazipenda hadithi hizo. Ila siku utakapouliza ungo ule unabeba kilo ngapi, ukitoboka juu ya Tanga nani anauziba, na fundi wake anakaa mtaa gani, umeshavuka mto bila hata kugusa roketi.

Na kama ni roketi, ya nini kuitafuta mwaka 2350 wakati uko Malindi? Panda matatu ya kaskazini ushuke Ngomeni. Kule baharini yamesimama majukwaa ya chuma ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita. Roketi za kupeleka setilaiti zilirushwa pale kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipaa kutoka pale setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani. Kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Neno letu hilohilo. Ilifanya kazi hadi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuwaelekeza wanaastronomia kwenye Cygnus X-1, ambacho leo tunakitaja kama shimo jeusi.

Kwa nini pale? Dunia inazunguka, na kwenye ikweta ardhi inakimbilia mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayotaka kubaki juu ikizunguka dunia inahitaji mwendo wa kama kilomita 28,000 kwa saa. Ukiirusha karibu na ikweta kuelekea mashariki, sehemu ya mwendo huo umepewa bure, kama konda anayeshuka gari likiwa bado linakwenda: miguu yake inagusa lami tayari ana mbio. Na mashariki ya Ngomeni ni bahari, kwa hiyo kinachodondoka kinadondokea maji.

Maji ya nani? Hapo ndipo mwandishi anapoamka. Siku ya kurusha, nahodha wa ngalawa aliambiwa nini, na nani, kwa lugha gani? Yule aliyekuwa ametega mishipi tangu usiku aliiacha? Mkewe aliyeahidi samaki kwa ajili ya shughuli ya jioni alisema nini aliposikia kwamba bahari leo imefungwa kwa sababu ya nyota? Majibu yatunge mwenyewe. Umeshapata hadithi ya kisayansi ya mwaka 1970, na Jackson hamo.

Mimi hata hivyo Ngomeni ningekaa kwa sababu nyingine. Ningekaa kwa sababu ya chumvi.

Unayajua mabwawa yale kuanzia Gongoni kwenda Marereni: maji ya bahari yanaingizwa, jua linayanywa, weupe unabaki, vibarua wanaukusanya. Sasa tulete kitu kimoja kipya. Kimoja tu, maana anayeleta vitatu hajui tena kipi kimemletea nini. Tuseme imetokea mashine ya ukubwa wa jiko la gesi inayogeuza maji ya bahari kuwa matamu, na bei yake hata muuza mboga anaimudu akilipa kidogo kidogo. Hapo kila mtu ataandika hadithi ileile: kiu imekwisha, watoto wanacheka, mvumbuzi anavishwa nishani. Wewe weka kalamu chini, fungua kikokotoo cha simu.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Nyumba inatumia, tuseme, lita 100 kwa siku. Kwa hiyo hata kama mashine ingekamua kila tone, ingebakisha kilo tatu na nusu za chumvi. Kila siku. Kwa mwaka ni tani moja na robo, ya nyumba moja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kwa hiyo familia ya watu sita hawana haki ya kumaliza hata gramu 30. Zilizobaki zinakwenda wapi?

Fizikia na iingie hapa, kwa adabu. Ukitaka kuchemsha lita 100 mpaka chungu kikauke, unahitaji zaidi ya yuniti 60 za umeme. Kuna nyumba nyingi ambazo hazinunui yuniti hizo kwa mwezi mzima. Ukiyasukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba, kama mitambo mikubwa ya leo inavyofanya, hufikishi hata nusu yuniti. Lakini utando hauwezi kukamua yote. Upande huu unapata maji matamu, upande ule maji makali ya chumvi, na ili upate lita 100 za kunywa inabidi uvute kama 200 za bahari. Kilo tatu na nusu zimegeuka saba. Mitambo mikubwa huyarudisha maji makali baharini kwa bomba. Mama wa mtaani hana bomba la kurudishia. Ana trei za bati nyuma ya nyumba na jua la Januari ambalo halidai chochote.

Unaona tulivyofika? Hakuna aliyetoa kanuni, tumezidisha na kugawanya tu. Lakini sasa tunajua kwamba mtaa wa nyumba 300 unazaa tani mbili za chumvi kila kukicha, na hakuna lori linalokuja kuzichukua.

Fuata hatua. Ya kwanza kila mtu anaiona: vijana wa mikokoteni ya madumu wanakosa kazi. Ya pili anaiona mhandisi au mfanyabiashara: bei ya chumvi inaanguka, vibarua wa Marereni wanarudishwa makwao, na wakaushaji wa papa na ng'onda wanaanza kujenga. Ya tatu ndiyo yako, na hapo usikimbie. Kontrakta mmoja anagundua kwamba chumvi ya bure inafanana sana na mchanga. Anachanganya. Chumvi ndani ya zege inaozesha nondo, polepole, bila kelele. Ghorofa limeshapangishwa, wapangaji wameshazaa humo, kabla ufa wa kwanza haujaonekana. Hiyo ni riwaya nzima.

Kama unadhani hatua ya tatu ni ndoto za waandishi, kumbuka kutuma pesa kwa simu, kulikoanza Kenya mwaka 2007. Waliobuni waliona hatua ya kwanza: kijana wa mjini anamtumia mama yake wa kijijini. Ya pili ikawa vibanda vya mawakala kila kona. Nani aliketi akaandika, mwaka 2006, hadithi ya mtu anayepokea ujumbe kutoka namba ngeni, “Ile hela tuma kwenye namba hii,” akatuma, kwa sababu bahati mbaya siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa? Nenda kamwambie mtu wa mwaka 1990 sentensi hiyo moja, uone utahitaji kumweleza vitu vingapi. Sentensi kama hiyo, ya wakati ambao bado haujafika, ndiyo unayoiwinda.

Ghorofa tuliache. Kwa kujifunza chukua kitu kidogo zaidi, jirani na jirani. Nimejaribu kukuandikia mwanzo, uuweke kando ya wa kwako:

“Saa tisa usiku mama alisikia koleo. Hakuwasha taa. Alisogea dirishani akaona kivuli cha jirani mpakani, kinainama, kinainuka, kinainama. Kulipokucha mpapai wa tatu ulikuwa umezungushiwa weupe shinani. ‘Katumwagia tena,’ mama alisema, akanituma maji ya kuusafishia. Nikawasha mashine. Ilinguruma, ikanipa ndoo ya maji matamu, na kwenye beseni la nyuma ikatema maji makali ya kwenda kuanikwa: vibaba vingine viwili vya chumvi, vya kwetu wenyewe.”

Mara ya kwanza niliandika mnazi, si mpapai. Nikafuta. Mnazi unaota ufukweni kabisa, chumvi ya koleo mbili tatu haiutishi. Mpapai ndio unaosinyaa. Hiyo ndiyo sayansi inayohitajika katika aya kama hii, na D yako haina habari nayo. Nyanya yako anayo.

Tazama pia kwamba mashine haikuelezwa. Hakuna mwaka, hakuna jina la mvumbuzi. Watu hawaelezi vitu wanavyovitumia, huvilalamikia. Wewe mwenyewe dukani husemi “nimechukua simu yangu, kifaa kinachowasiliana kwa mawimbi.” Unasema “bando limekata.” Mtu wa mwaka 1950 angesikia malalamiko hayo siku nzima, na jioni angekuwa ameshajua simu ni nini. Ukikuta katika mswada wako mtu anamwambia mwenzake “Kama unavyojua, Daktari,” futa mpaka mwisho wa aya. Kama anajua, anaambiwa wa nini?

Umeuliza majina. Hili nalipenda, nivumilie.

Ukurasa wako wa tisa una “gari-paa”, “simu-akili” na “kinasa-ndoto”. Yananuka kamati ya lugha. Kamati zina kazi yake, na kishikwambi, yaani tableti, kimeshaingia midomoni mwa watu, nakubali. Lakini tazama mtaa unavyobatiza. Daladala lilipata jina kwa dala, ile shilingi tano ambayo makonda walikuwa wakiililia. Matatu ni nauli ya senti thelathini, vipande vitatu vya senti kumi. Bodaboda ilianza kwa kuvusha watu mpakani, huku dereva akiita “boda, boda”. Bajaji ni jina la kampuni. Pikipiki ni mlio wake mwenyewe. Nauli, mlio, mahali, chapa ya kwanza kufika: hizo ndizo njia ambazo vitu hupitia kuingia kwenye Kiswahili, na hata siku moja sijasikia kitu kikiitwa kwa jinsi kinavyofanya kazi ndani. Gari lako linalopaa nani alilileta kwanza, na abiria wa kwanza walilipa ngapi? Jibu hilo ndilo jina. Mashine yetu ya maji, kwa mfano, mtaa ungeiita Tamu. “Tamu yetu imeharibika, tunaomba maji.”

Kuna vifaa vingine ambavyo Kiswahili kimekupa na Kiingereza hakina, na nashangaa tunavyoviacha kabatini. Chukua roboti. Neno lilitoka katika tamthilia ya 1920 ya Mcheki Karel Čapek, na asili yake ni robota, kazi ya kulazimishwa. Wazee wa Pwani wangesema shokoa. Sasa roboti wako anaingia mlangoni. Utaandikaje? Roboti imeingia: ni kitu, kama redio. Roboti limeingia: ni likubwa, na msimulizi halipendi. Roboti ameingia: hapo umeshamkaribisha aketi. Herufi mbili tatu tu, na umetoa hukumu ambayo mwanafalsafa angeiandikia kitabu. Lugha yetu tayari ina ubishi huu: marehemu amezikwa, lakini wengi wetu husema maiti imeoshwa, na mwili ni uleule. Hebu fikiria hadithi ya kurasa kumi ambamo kila mtu nyumbani anasema “imepika”, “imefagia”, “imemwogesha mtoto”, na mwishoni mtoto, akiwa na homa, anauliza, “Amekwenda wapi?” Hakuna anayemsahihisha. Ukiandika hivyo, hutakuwa na haja ya mhusika wa kuhutubia kuhusu haki za mashine. (Ila ukitaka kumdogosha, tahadhari. Kiroboti kikikosewa herufi moja ni kiroboto.)

Au chukua saa. Saa zetu zinahesabiwa kutoka mapambazuko. Saa moja ni saa moja tangu kuche, na mpango huo unafaa kwa sababu tuko karibu na ikweta, jua halitutupi mwaka mzima. Mpeleke Mswahili kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Jua linamchomozea mara 16 kwa siku. Saa moja asubuhi ipi? Hili si fumbo la kubuni. Oktoba 2007, mwishoni mwa Ramadhani, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kwenye kituo kile, na maulamaa wa nchi yake walikaa wakamwandalia mwongozo: sala ni tano kwa kila saa 24, zikifuata saa za mahali alikorushwa, na kibla ni kwa kadiri atakavyoweza, Kaaba kwanza, isipowezekana basi hata dunia yenyewe. Soma mwongozo ule kama mwandishi. Kila kipengele kina mtu mwenye swali nyuma yake.

Na Mars yako? Siku yake ina saa 24 na dakika karibu 40. Watu wa Pwani wakihamia kule hizo dakika 40 wataziweka wapi? Mimi naamini wangeziita chenji. “Tukutane kwenye chenji,” vijana wangeambiana, muda usio wa mwajiri wala wa Mungu. Hapo Mars imeanza kuwa na watu. Na ujumbe kutoka huku kwenda kule hutumia kati ya dakika tatu na 22 kufika, kutegemea sayari zimekaaje. Jaribu kuandika posa inayojadiliwa kwa simu ya namna hiyo: wazee wa huku wametaja mahari, na kimya cha dakika 20 kinafuata, na hakuna anayejua kama kule wamekubali, wamekasirika au bado hawajasikia. Injini isipolipuka hata kidogo, nitasoma mpaka mwisho.

Kuhusu kwamba hakuna aliyewahi kuandika hivi kwa Kiswahili: yupo, tena wa upande wako huohuo. Katama Mkangi wa Kilifi alitoa Walenisi mwaka 1995, safari ya mtu ndani ya chombo hadi nchi ambayo jina lake ukilitamka taratibu linasema “wale ni sisi”. Itafute.

Sasa utaratibu, kwa ufupi maana hapa hakuna siri. Riwaya iweke kabatini, na usiichome, lile kaa la moto utalihitaji. Andika hadithi fupi kumi, kila moja maneno 2,000, moja kila wiki mbili, na kila moja uimalize hata kama imeharibika. Kumaliza ni misuli, na kurasa 40 zilizokwama hazijengi misuli hiyo. Ukimaliza, msomee kwa sauti mtu asiyependa mambo ya anga, shangazi au mteja anayesubiri kioo cha simu. Usimuulize kama ameipenda. Tazama tu ni wapi anaanza kuchezea funguo.

Mimi mwenyewe nilianza kinyume. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea mhariri mmoja mswada wa kurasa 200 kuhusu roketi inayorushwa kutoka Mlima Kilimanjaro. Ulirudi baada ya miezi saba, muda wote huo nikikutana naye njiani tunasalimiana kama watu wanaodaiana, ukiwa na mstari mmoja wa penseli: “Bibi wa ukurasa wa 4, anayewauzia ndizi wajenzi wa mtambo, ndiye hadithi. Hawa wengine waage.” Nilinuna mwezi mzima. Bibi yule nilikuwa nimempa sentensi mbili.

Zoezi lako la kwanza hili hapa. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Makueni, ilidondoka kutoka angani pete ya chuma yenye upana wa kama mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500. Serikali ikaja ikaichukua. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa hasara kinayoileta ardhini. Usiandike kuhusu roketi. Andika kuhusu mwenye shamba, usiku ule wa kwanza, kabla serikali haijafika, wakati chuma bado kipo kwake na mnunuzi wa vyuma chakavu yuko kwenye simu anauliza kilo ngapi.

La pili ni lile la chumvi. Uendelee pale nilipoachia, mpapai wa tatu. Yule jirani anamwaga usiku, kwa hiyo anaona haya, na mtu mwenye haya ana sababu yake, nataka kuijua. Na uniandikie trei za kwake zimeanikwa upande gani wa nyumba, maana kama ni upande wa barabara, basi kuna mtu alikuwa akizinunua, na ameacha.